Kigali hadi Rubavu: njia ya milima na maneno ya Wadachi

Kila mwaka wanafunzi wetu hutuuliza: Kiswahili kilifikaje Rwanda, nchi isiyo na bahari? Sehemu ya jibu inapatikana barabarani, katika safari ya kama kilomita 150 kutoka Kigali hadi Rubavu.

Tunaanzia Nyarugenge, kwenye nyumba ya Richard Kandt, ambayo leo ni makumbusho. Kandt, mwakilishi wa utawala wa Kijerumani, ndiye aliyeanzisha mji wa Kigali mwaka 1907. Wajerumani hapa walikuwa wachache sana, wala hawakuacha mji wa walowezi kama Lushoto ya Tanzania, ambayo waliiita Wilhelmstal. Waliandamana na askari na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili, na lugha hiyo ndiyo iliyobaki.

Tukitoka Kigali, barabara hupanda Shyorongi na kuanza kujipinda. (Mwenye kichefuchefu akae mbele!) Tunapita Gakenke na kona za Buranga, kisha tunafika Musanze, mji ulioitwa Ruhengeri hadi 2006. Hapo volkano hujitokeza, mawingu yakiruhusu: Muhabura, Sabyinyo, na Karisimbi yenye mita 4,507.

Njiani kuna shule nyingi, na hapo ndipo somo lilipo. Kinyarwanda husema "ishuri": ni "shule" yetu, nayo ilitoka "Schule" ya Kijerumani. "Umudage" ni Mdachi wa Kiswahili cha zamani, kutoka "Deutsch". "Umusirikare" amezaliwa na "serikali". Lakini "hela", iliyotokana na sarafu ya Heller, haikushika hapa. Wabelgiji waliingia mwaka 1916, na leo tunahesabu "amafaranga".

Tunayasema haya kwa sababu wapo wazazi ambao bado wanakiita Kiswahili lugha ya askari na ya sokoni, ingawa ni lugha rasmi tangu 2017. Askari na soko ni kweli, hatuna haja ya kukana. Ila mtoto anayesema anakwenda "ku ishuri" ameshaanza somo la kwanza kabla hajatufikia.

Rubavu, yaani Gisenyi, Wajerumani waliandika Kissenji na kuweka kituo cha kijeshi. Ng'ambo ya mpaka ni Goma, na sokoni utasikia "batoto" badala ya "watoto". Mwanafunzi asikimbilie kusahihisha. Aandike kwanza daftarini: nani amesema, na alikuwa akisema na nani.