Makombo ya Hoteli Yanakwenda Wapi?



Mshahara ukitoka, wengi wetu tulio Jinja na Mbale tuna desturi ya kuchukua mama watoto na watoto siku ya Jumapili tukaenda kula hotelini. Hatuendi kwenye mahoteli makubwa ya watalii. Twaenda kwa mama mwenye meza nne au tano, apikaye matoke, posho, maharage, samaki na kuku. Na kule Mbale twapata malewa yaliyopikwa kwa karanga. Mtu aliyesimama kwenye mtambo juma zima, au aliyekata miwa tangu alfajiri, ana haki ya kuketi akaletewa sahani mbele yake.

Safari moja ya namna hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Tulikuwa Jinja. Tulipomaliza kula, kijana wa hoteli alikuja kuondoa sahani. Mtoto wangu wa darasa la nne alikuwa amebakiza posho. Akamwuliza, "Kaka, hii unaitupa wapi?" Kijana akacheka, akampeleka uani, nami nikawafuata.

Uani palikuwa na mapipa matatu. La kwanza lilikuwa la maganda ya matoke na viazi. La pili lilikuwa la makombo yaliyopikwa. La tatu lilikuwa la takataka nyingine zote: chupa, mifupa, makopo na kavera. Kijana akatueleza kwamba maganda mazuri huchukuliwa na mzee mmoja mwenye mbuzi na ng'ombe. Makombo huchukuliwa na mfuga nguruwe. Maganda yaliyonyauka na mabaki ya mboga hurundikwa nyuma ya ua pamoja na majani makavu, na baada ya miezi mitatu mama mwenye hoteli huyapeleka kwenye bustani yake ya sukuma wiki na nakati.

Mtoto alifurahi sana. Lakini mimi niliitazama mikono ya yule kijana. Hakuwa na glavu, na kidole kimoja kilifungwa kitambaa. Alikuwa amekatwa na kipande cha chupa alipokuwa akitenganisha takataka.

Kwa hiyo nina mambo mawili ya kuwaeleza. La kwanza ni kwamba makombo ni mali, na kuyatupa ovyo ni hatari. La pili ni kwamba anayeyageuza kuwa mali ni mfanyakazi kama wewe, naye anahitaji kulindwa.

CHAKULA KIKITUPWA KWENYE LUNDO

Sehemu kubwa ya taka za miji yetu ni chakula, maganda na majani. Taka hizo zikitupwa kwenye lundo kubwa na kushindiliwa, hewa haiingii ndani. Huoza bila hewa na kutoa gesi iitwayo methani. Gesi hii huweza kushika moto, na ikipanda angani huongeza joto la dunia kwa nguvu kuliko hewa ya ukaa. Chini ya lundo hutiririka maji meusi yanayoharibu visima na mito. Na lundo likizidi kuwa refu, mvua ikalilowesha, laweza kuporomoka.

Haya si maneno ya kutishana. Tarehe 10 Agosti 2024, lundo la taka la Kiteezi, lililokuwa likipokea taka za Kampala tangu mwaka 1996, liliporomoka baada ya mvua kubwa. Nyumba zilizokuwa karibu zilifukiwa, na watu zaidi ya 30 walikufa. Miongoni mwa watu wa Kiteezi walikuwamo wale waliopata riziki yao kwa kuokota chupa na plastiki juu ya lundo. Hao ni wafanyakazi, hata kama hawana kadi ya kiwanda chochote.

Mbale nako tuna kumbukumbu yetu. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Mvua ya mlimani ndiyo iliyoleta mafuriko yale. Lakini kila mkaaji wa mjini ajua kwamba mfereji uliojaa maganda na kavera haupitishi maji, hata ya mvua ndogo. Ndoo ya makombo inayomwagwa mferejini nyuma ya hoteli leo, kesho yarudi mlangoni kwa mtu anayekaa bondeni. Na wanaokaa bondeni, ndugu zangu, mara nyingi ni sisi.

KIWANDA HAKITUPI, KWA NINI HOTELI ITUPE?

Wenzetu wa mashamba ya miwa wanalijua jambo hili vizuri. Kule Kakira, makapi ya miwa baada ya kukamuliwa huchomwa kuendesha mitambo na kutoa umeme. Mwenye kiwanda haoni uchafu pale; aona mali. Vilevile wakulima wa kahawa wa Mlima Elgoni wajua kwamba maganda ya kahawa yakiozeshwa na kurudishwa shambani hulisha mibuni.

Jikoni ni vivyo hivyo. Mpango mzuri wa hoteli ni huu. Kwanza, pika kiasi kitakacholiwa, na chakula kizuri kilichobaki kiliwe na watu siku ile ile. Pili, kisichofaa kwa watu kiende kwa mifugo. Maganda ya matoke na viazi ni chakula kizuri cha ng'ombe na mbuzi. Makombo yaliyopikwa hufaa nguruwe, lakini lazima yachemshwe tena kabisa kabla ya kuwapa, kwa sababu mabaki ya nyama yaweza kueneza homa ya nguruwe ambayo huua banda zima. Tatu, kisichofaa mifugo kigeuzwe mboji.

MBOJI HUFANYIKAJE?

Mboji ni mbolea inayotokana na vitu vya shambani na jikoni vilivyooza vikiwa na hewa. Wanaofanya kazi ile ni vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Nao, kama mfanyakazi yeyote, wanataka chakula, maji na hewa. Ukiwanyima kimoja, kazi inasimama.

Chagua mahali penye kivuli pasipotuama maji. Weka chini vijiti au mabua ili hewa ipite. Kisha tandika tabaka la vitu vikavu: majani makavu, nyasi kavu, maranda ya mbao au makapi ya miwa. Juu yake weka tabaka la vitu vibichi: maganda ya matoke yaliyokatwakatwa, mabaki ya mboga, maganda ya matunda. Vitu vikavu viwe vingi kuliko vibichi. Nyunyiza udongo kidogo, na samadi kama ipo. Majivu yatiwe machache tu. Rudia mpaka lundo lifike kiasi cha mita moja kwenda juu, kisha lifunike kwa majani ya migomba.

Baada ya siku chache lundo litapata joto. Likiwa kubwa vya kutosha, joto la ndani hufika nyuzi 55 hadi 65 za Sentigredi, nalo huua vijidudu vya magonjwa na mbegu za magugu. Ukitaka kujua, chomeka fito ndani yake, iache kidogo, uichomoe na kuigusa. Ikiwa na joto, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Ikiwa inanuka vibaya, maji yamezidi au hewa imekosekana: geuza lundo kwa beleshi na uongeze majani makavu. Geuza kila baada ya juma moja au mawili. Baada ya miezi miwili hadi mitatu utaona udongo mweusi, mwepesi, wenye harufu ya msitu baada ya mvua. Hiyo ndiyo mboji.

Usitie nyama, mifupa, samaki wala mafuta mengi, kwani huleta panya na mbwa. Usitie kabisa kavera, betri wala chupa.

Faida yake? Mwaka 2022 bei ya mbolea ya dukani ilipanda sana duniani kote, na mkulima mdogo akabaki akitazama tu. Mboji haikumwomba pesa. Nayo hushika maji ardhini, jambo ambalo mbolea ya dukani peke yake haliwezi.

TULIYOJIFUNZA MIJINI KWETU

Jinja na Mbale si wageni wa kazi hii. Zote mbili zilikuwa miongoni mwa miji tisa ya kwanza katika mpango wa mboji ulioongozwa na Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, NEMA, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Miji mingine ilikuwa Fort Portal, Kabale, Kasese, Lira, Mbarara, Mukono na Soroti. Mwaka 2010 mpango ule uliandikishwa katika utaratibu wa kimataifa wa kupunguza gesi zinazochafua anga, ili miji ipate malipo kwa methani iliyozuiwa.

Wazo lilikuwa jema. Ugumu mkubwa ulikuwa kwamba taka zilifika zikiwa zimechanganyika: maganda, vioo, kavera na nguo kuukuu katika lori moja. Hapo watu hulazimika kuchambua kwa mikono, na kipande kimoja cha kioo kikibaki ndani, mkulima hataki tena kuweka mboji ile kwenye shamba analolima kwa jembe na miguu mitupu. Fundisho ni moja: taka hutenganishwa vizuri pale zinapozaliwa, yaani jikoni. Pipa la pili katika ua wa hoteli laweza kufanya kazi ambayo mashine kubwa mwisho wa barabara haiwezi kuifanya.

NANI ANATENGANISHA?

Hapa ndipo chama kinapoingia. Tunapozisifu hoteli zinazotunza mazingira, tusimsahau anayeinama juu ya pipa. Mara nyingi ni kijana au binti asiye na mkataba, anayefika kazini kabla ya wote na kuondoka wa mwisho. Kutenganisha taka ni kazi iliyoongezwa juu ya kazi, na ina hatari zake: kukatwa, kuungua, minyoo na ugonjwa wa kifua kutokana na vumbi la mboji kavu.

Sheria zipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga bila kumtoza pesa. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zasema kibarua asiajiriwe kama kibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo astahili mkataba wa maandishi. Na Katiba ya mwaka 1995, Ibara ya 40, yampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Sheria hizi hazikuandikiwa viwanda vikubwa peke yake.

MASWALI YA KUULIZA HOTELINI

Mkienda kula na familia, ulizeni kwa heshima, bila kumwaibisha mtu:

1. Mama, makombo na maganda yanakwenda wapi?

2. Chupa na kavera vinawekwa mbali na chakula?

3. Anayetenganisha ana glavu na viatu vya mpira? Ana maji na sabuni ya kunawa?

4. Je, watoto waweza kuona?

Swali la nne lisidharauliwe. Mtoto aliyeona ganda la tundi likigeuka udongo hatamwaga uchafu mferejini akiwa mkubwa. Na mwenye hoteli akiona wateja wanauliza, atajua kwamba jambo hili lina maana kwa watu wanaolipa. Akifanya vizuri, rudini kwake na waambieni wenzenu. Nasi wenyewe tuagize chakula tunachoweza kukimaliza. Sahani tupu ndiyo mwanzo wa usafi wote.

Tukirudi nyumbani, kwenye makambi ya mashamba na vyumba vya mjini, twaweza kuanza na pipa moja kuukuu lenye matundu pembeni. Nyumba sita zikishirikiana zatosha kulisha bustani moja ya mboga.

Siku ile, kabla ya kuondoka, nilizungumza na mama mwenye hoteli. Sikumgombeza, kwa maana naye anahangaika na kodi na bei ya mkaa. Nilimwambia tu, "Mama, mpango wako ni mzuri kuliko wa wengi, ila mkono wa kijana wako ndio unaoulipia." Alinyamaza kidogo, akaniuliza glavu zapatikana wapi. Mwezi uliofuata tuliporudi, kijana alikuwa na glavu za mpira, na chupa zilikuwa zikiwekwa katika kreti peke yake. Viatu bado. Kijana mwenyewe ameniuliza jinsi ya kujiunga na chama, na nimempa fomu.

Umoja ni nguvu.