Mgema na Wanywaji Wake

Wahenga walituachia methali kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimeifundisha methali hiyo kwa miaka mingi bila kuitilia shaka. Juzi, nikiwa ndani ya matatu kutoka Kangemi kwenda katikati ya jiji la Nairobi, nilitambua kwamba nilikuwa nikiifundisha nusu.

Tulikuwa tumekwama katika msongamano wa magari pale Westlands. Vijana walioketi nyuma walikuwa wakisikiliza "Ha-He", wimbo wa kundi la Just A Band. Video yake ya mwaka 2010 ilimfufua Makmende, shujaa asiyeshindika ambaye watoto wa Nairobi walimtaja michezoni miaka mingi kabla ya hapo. Kwa muda mfupi Wakenya waliijaza intaneti vichekesho vya Makmende, hata vyombo vya habari vya ng'ambo vikaandika habari zake.

Baada ya sifa kama hizo, wanamuziki hao wangefanya nini? Njia nyepesi ilikuwa wazi: Makmende wa pili, kisha wa tatu, hadi watu wachoke. Hawakuifuata. "Ha-He" ilitoka katika albamu yao iitwayo 82, ya mwaka 2009. Iliyofuata ilikuja mwaka 2012, nayo wakaiita Sorry for the Delay, yaani samahani kwa kuchelewa. Nakiri kwamba nilipoisikiliza mara ya kwanza nilimtafuta Makmende, nikamkosa, nikaiweka kando kwa kinyongo. Miezi ilipita kabla sijairudia na kuisikia jinsi ilivyo.

Kosa lilo hilo nililitenda darasani. Binti mmoja wa kidato cha pili aliandika insha kuhusu nyanyake aliyeuza mboga kandokando ya Waiyaki Way. Niliisoma mbele ya darasa zima, wenzake wakapiga makofi. Insha yake ya pili ilihusu mvua. Chini yake niliandika kwa wino mwekundu: "Haifikii ile ya kwanza."

Tangu siku hiyo, niwape mada ya ukame, michezo au uchaguzi, nyanyake hakukosa kutokea na kapu lake la mboga. Nilipomkemea kwa kukosa ubunifu, alinitazama kwa mshangao, akasema, "Lakini mwalimu, si ndiyo uliyoipenda?"

Methali yetu humlaumu mgema, mnywaji hatajwi. Ilhali mara nyingi mnywaji ndiye anayedai tembo la mnazi ule ule, hata ukiwa umekauka. Wanamuziki wale walikuwa na ujasiri wa kutotusikiliza. Baadaye mmoja wao, Mbithi Masya, aliongoza filamu ya Kati Kati mwaka 2016, naye Blinky Bill akatoa albamu yake binafsi mwaka 2018. Mtoto wa miaka kumi na mitano atautoa wapi ujasiri huo mbele ya kalamu nyekundu ya mwalimu wake?

Walimu wenzangu, tusifu, lakini tusiigeuze sifa kuwa kamba. Nanyi wanafunzi, insha iliyopigiwa makofi jana imekwisha kazi yake.

Binti yule alimaliza shule zamani. Sikupata kumwomba radhi. Namwomba leo, nikijua kwamba nimechelewa.