Jinsi mashine ya kufulia inavyoziba shimo la maji taka

MASHINE ya kufulia nguo si kitu cha ajabu tena katika nyumba za Mombasa. Katika majumba ya ghorofa ya Liwatoni, Ganjoni na Tudor, na hata katika baadhi ya nyumba za Mji wa Kale, aghalabu utaikuta imesimamishwa bafuni au kwenye roshani, mpira wake wa kutolea maji ukiwa umeelekezwa kwenye tundu la sakafuni. Ni wachache wanaojiuliza maji hayo huishia wapi, na huwa yamebeba nini.

Jibu la swali la kwanza ni rahisi. Nyumba nyingi za kisiwani hazijaunganishwa na mabomba makuu ya maji taka. Maji hayo huingia katika tangi lililozikwa uani, kisha hupita hadi katika shimo la kunyonyea lililochimbwa kando yake. Jibu la swali la pili ndilo linalowagharimu wenye nyumba: yamebeba nyuzinyuzi zinazopukutika kutoka kwenye nguo.

Kila nguo inaposuguliwa hupoteza sehemu ndogo ya mwili wake. Mwaka 2016, watafiti Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kwamba mzigo mmoja wa kilo 6 wa nguo za akriliki waweza kutoa nyuzinyuzi zaidi ya 700,000. Leso na mashuka ya pamba nayo hupukutisha, lakini pamba ni zao la mmea na vijidudu vya tangini huila, japo polepole. Polista, nailoni na akriliki ni jamaa za plastiki, na vijidudu hivyo haviziwezi. Leo hii mabuibui mengi, jezi za kandanda, mapazia na sweta nyingi za mitumba zinazouzwa Kongowea zimetengenezwa kwa vitu hivyo.

Uthabiti wa nyuzinyuzi hizo si jambo la kukisia. Mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliripoti kwamba walizikuta katika udongo wa shamba lililotiwa tope la maji taka miaka 15 kabla. Ikiwa hazikuoza shambani, penye hewa na mvua, hakuna sababu ya kutarajia zioze katika giza la tangi.

Tangi la maji taka hutegemea utulivu. Vitu vizito huzama na kuwa tope, mafuta na povu huelea juu, na maji ya katikati, yaliyopungua uchafu, ndiyo yanayotoka kwenda shimoni. Kazi hiyo huhitaji muda. Maji yanafaa kukaa humo angalau siku nzima. Sasa nyuzinyuzi, kwa wepesi wake, hazina haraka ya kuzama. Nyingi hubaki zikielea katikati, nako katikati ndiko mdomo wa kutokea unakochota.

Mgao wa maji huzidisha tatizo. Mombasa hutegemea maji yanayoletwa kutoka mbali, yakiwemo ya chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na bomba halitoi kila siku. Siku maji yanapofika, nyumba nzima hufua. Mizigo mitano ya nguo humwagwa kwa mfululizo, na iwapo jengo ni la ghorofa, wapangaji wote hufanya vivyo hivyo kwa saa zile zile. Wimbi hilo hutibua tope lililokuwa limetulia na kulisukuma nje pamoja na nyuzinyuzi. Tangi lililotosha jamaa iliyokuwa ikifua kwa mikono na kumwaga maji uani huenda lisitoshe tena, ingawa idadi ya watu haijaongezeka.

Maji ya kisima nayo yana lake. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake huwa na chokaa na mara nyingi chumvi. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa hufanya utando mzito, ule ule unaoganda kwenye beseni. Utando huo hushikamana na nyuzinyuzi na kuwa kitu kinachofanana na blanketi bovu.

Blanketi hilo hujitandika kwenye kuta za shimo la kunyonyea, na hapo ndipo hasara ilipo. Tope la tangini laweza kuondolewa. Huitwa lori la kunyonya maji taka na kazi ikaisha kabla ya adhuhuri. Lakini lori halikwangui kuta za shimo. Vitundu vya jiwe vikishazibwa, maji hukosa pa kwenda, na tangi lililonyonywa hujaa tena baada ya siku chache. Mwenye nyumba hudhani ametapeliwa na wenye lori, akaita lori jingine. Mara nyingi fedha za malori mawili matatu hutumika kabla ya mtu yeyote kufikiria shimo.

Bara, mtu angechimba shimo jipya upande wa pili wa shamba. Kisiwani shamba halipo. Katika Mji wa Kale nyumba zimeegemeana, na Liwatoni ua wa jengo la ghorofa mara nyingi umesakafiwa ili kuegesha magari. Shimo lililopo ndilo hilo hilo. Likifa, maji taka hurudi bafuni kwa mpangaji wa chini, ambaye pengine hana hata mashine, au hufurika njiani. Hatari nyingine ni kwamba jiwe la matumbawe lina nyufa. Upande mmoja ukiziba, maji hutafuta ufa mwingine, nao waweza kuelekea kwenye kisima ambacho watu huchota kila siku ya ukame wa bomba.

Wapo wanaokimbilia dawa. Unga wa kuongeza vijidudu tangini hauwezi kuyeyusha polista. Asidi na magadi makali ni mabaya zaidi, kwani huua vijidudu vilivyokuwa vikifanya kazi na kula saruji ya tangi. Kuelekeza mpira kwenye mtaro wa maji ya mvua nako ni kupeleka uchafu baharini, na bahari ya Liwatoni ndiyo ile wanakotia nanga wavuvi.

Dawa iliyobaki ni kuzizuia nyuzinyuzi kabla hazijaingia tundu la sakafuni. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walilinganisha vifaa viwili. Chujio lililofungwa nje, kwenye mpira wa kutolea maji, lilizuia asilimia 87 ya nyuzinyuzi kwa idadi; tufe la plastiki linalotiwa ndani pamoja na nguo lilizuia asilimia 26 tu. Asiye na uwezo wa kuagiza chujio aweza kufunga soksi ndefu ya nailoni kwenye ncha ya mpira, au kuyapitisha maji katika kitambaa kilichofungwa juu ya pipa lenye tundu upande wa juu. Pipa lina faida ya pili: hupunguza ile kasi ya maji kuingia tangini. Soksi ikaguliwe kila baada ya kufua, maana ikijaa huilemea pampu ya mashine au ikafyatuka na kumwaga maji sakafuni. Kinachokusanywa hukaushwa na kutiwa katika takataka. Kukisuuza kwenye sinki ni kukirudisha kulekule.

Ifahamike kwamba kile kichujio kidogo kilicho chini ya mashine za mlango wa mbele hakifanyi kazi hii. Kimewekwa kuilinda pampu dhidi ya vifungo na sarafu. Mashine nyingi zinazofunguliwa juu huwa na mfuko wa wavu ndani, nao husaidia kiasi iwapo haujatoboka.

Katika majengo ya kupangisha swali gumu ni nani atakayesafisha chujio. Njia inayoelekea kufaa ni kuweka pipa moja penye bomba la kushukia, kabla ya tangi, na kumkabidhi bawabu au fundi alifungue kila wiki, gharama ikiingizwa katika ada ya usafi. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya mwaka 2020 iliagiza mashine mpya zitiwe chujio la nyuzinyuzi kuanzia mwaka 2025. Anayenunua mashine mpya Mombasa aweza kumuuliza mwuzaji kama anayoichukua inalo, na kama halipo, mpira wake wa kutolea maji una upana gani, ili anunue chujio linaloingiana nao.