Usione Vyaelea: Sanamu za Tiki Katika Televisheni ya Zamani
Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tulilifuata neno “tiki” kutoka visiwa vya Bahari ya Pasifiki hadi mikahawa ya California, ambako tangu miaka ya 1930 wafanyabiashara kama Donn Beach na Victor Bergeron walipamba kuta zao kwa mianzi, nyavu za wavuvi na vinyago vilivyoachama vinywa. Leo tunaingia sebuleni. Mikahawa ile iliwafikia wenye fedha za kula nje; televisheni ndiyo iliyoipeleka tiki nyumba kwa nyumba kote Marekani, na baadaye, kwa vipindi vilivyorudiwa miaka nenda miaka rudi, katika nchi nyingine nyingi. Ninachodai ni hiki: ubaya wa vinyago vile hautokani na kuwa vya bandia, kwani tamthilia yote ni maigizo. Ubaya ni kwamba viliwazoesha mamilioni ya watu kutazama sanamu isiyo na mwenyewe. Ina laana, ina vitisho, lakini haina ukoo, haina fundi, wala mtu wa kuombwa ruhusa.

Tuanze na tarehe. Hawaii ilifanywa jimbo la 50 la Marekani tarehe 21 Agosti 1959. Hata miezi miwili haijatimia, Oktoba mwaka huohuo, shirika la ABC likaanza kurusha tamthilia mbili: Hawaiian Eye, ya wapelelezi wenye ofisi katika hoteli ya Honolulu, na Adventures in Paradise, iliyobuniwa na mwandishi James Michener, ya nahodha anayezunguka Pasifiki kwa jahazi liitwalo Tiki. Hawaiian Eye ilipigwa kwa sehemu kubwa katika studio za Warner Bros. huko Burbank, California, na hapo ndipo kazi ya kinyago inapoeleweka. Anayepiga picha Honolulu ana bahari na milima ya kumsemea. Anayepiga ndani ya banda la studio anahitaji kitu cha kumjulisha mtazamaji, mara moja na bila maneno, kwamba sasa tuko visiwani. Mnazi ndani ya chungu, ukuta wa mianzi na sanamu iliyokunja uso kando ya mlango vilitosha. Haja hiyo ilizaa biashara: karakana ya Oceanic Arts, iliyoanzishwa mwaka 1956 huko Whittier, karibu na Los Angeles, ilichonga na kukodisha mapambo kama haya kwa mikahawa, filamu na televisheni mpaka ilipofungwa mwaka 2021. Nchi iliyokuwa na ufalme wake hadi Malkia Liliuokalani alipopinduliwa mwaka 1893, kisha ikatwaliwa na Marekani mwaka 1898, ilitambulishwa kwa raia wenzake wapya kwa kinyago cha kukodi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni The Brady Bunch, tamthilia ya familia iliyofungua msimu wake wa nne, mwaka 1972, kwa hadithi ya sehemu tatu iliyopigwa Hawaii kwenyewe. Baba ni msanifu majengo, na familia imemfuata Honolulu anakokwenda kukagua jengo alilolichora. Bobby, kitindamimba wa kiume, anaokota kisanamu pale kwenye ujenzi na kukifanya hirizi ya bahati. Mikosi inaanza: pambo zito la ukutani linaanguka karibu limponde, kaka yake Greg anapigwa na wimbi akiteleza baharini, na buibui mkubwa anamtambaa kaka yake mwingine, Peter, kitandani. Mzee mwenyeji anawaeleza watoto kwamba kisanamu ni cha mwiko na kinapaswa kurudishwa kwenye kaburi la mfalme wa kwanza. Katika pango la kaburi hilo wanamkuta profesa wa mambo ya kale, aliyeigizwa na Vincent Price, mtu mpweke ambaye rafiki yake wa maongezi ni sanamu kubwa ya mti aliyoipa jina la Oliver.

Hadithi hii ina kiini cha haki: kilichochukuliwa kinarudishwa. Lakini angalia sababu ya kukirudisha. Hakuna anayeuliza kaburi ni la ukoo gani, au ilikuwaje jengo jipya likachimbiwa msingi mahali penye vitu vya wahenga. Kinachowasukuma watoto ni hofu ya mikosi. Mtoto anayerudisha kuku wa jirani kwa kuogopa radi bado hajajifunza kwamba jirani ana haki. Siku radi isipopiga, kuku ataliwa. Na lile jina la Oliver, lililokusudiwa kuchekesha, limebeba jambo zima: sanamu imepewa jina la Kiingereza kwa sababu mle pangoni hapakuwa na mtu anayelijua jina lake. Tamthilia ya Gilligan’s Island ilikwisha kupita njia hiyo mwaka 1964, pale nahodha wake, Skipper, anapofukua sanamu ya Kona na kuamini amelaaniwa mpaka mganga aitwaye Watubi amwondolee nuksi. Kona ni wilaya halisi ya kisiwa cha Hawaii, yenye watu na mashamba yao. Kwenye tamthilia imebaki jina la kutishia.

Linganisha na vitu vyenyewe. Kwa Wamaori wa New Zealand, hei-tiki ni kidani kinachochongwa mara nyingi kwa jiwe la kijani liitwalo pounamu. Kinarithiwa kizazi hadi kizazi, na ndugu wanajua nani alikivaa kabla ya nani. Huko Hawaii, sanamu kubwa za mungu Ku zilisimama katika mahekalu, na leo zimebaki tatu tu: moja London, moja Salem katika Massachusetts, na moja katika makumbusho ya Bishop, Honolulu. Mwaka 2010 zote tatu zilisimamishwa pamoja Honolulu kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka 200, kisha mbili zikarudi ng’ambo. Wahenga wetu walisema usione vyaelea, vimeundwa. Tamthilia ilituonyesha kinachoelea, ikamficha muundaji.

Wapo watakaopinga kwamba hii ilikuwa michezo ya kuburudisha watoto, na kwamba sanamu iliyochongwa California haikuibwa kwa yeyote. Ni kweli hakuna mti ulioibwa. Lakini kwa watazamaji wengi wasiowahi kukutana na Mhawaii, burudani ndiyo ilikuwa darasa pekee, na darasa hilo lilifundisha kwamba vitu hivi huokotwa. Wengine watasema Wahawaii wenyewe walizichoma sanamu zao. Nalo ni kweli: baada ya Mfalme Kamehameha wa Kwanza kufariki Mei 1819, mwanawe Liholiho, akisaidiana na Kaahumanu, mjane wa mfalme huyo, aliivunja miiko ya kale na kuamuru sanamu ziangamizwe, kabla hata wamisionari hawajafika mwaka 1820. Ila binamu yake Kekuaokalani alipinga, akapigana, na akafia vitani Kuamoo Desemba 1819. Wengine walizificha sanamu mapangoni. Huo ulikuwa ugomvi wa wenye mali juu ya mali yao. Anayechoma nyumba yake hajampa mpita njia ruhusa ya kubeba milango.

Msomaji wa pwani ya Kenya hahitaji kwenda mbali kuona zoea hilo linaishia wapi. Kigango cha Wamijikenda huchongwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, na hakitakiwi kung’olewa kiliposimikwa. Mwaka 1990 vigango 30 vilikabidhiwa makumbusho ya Denver, na waliovitoa walikuwa watu wa Hollywood, waliokuwa wamevikusanya kama sanaa. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria ya kurudisha mabaki ya wafu na vitu vitakatifu kwa wenyeji asilia wa Marekani na wa Hawaii; sheria hiyo haikuvigusa vitu vya Kenya. Hata hivyo, mwaka 2014 makumbusho yale yaliamua kuvirudisha, bila kusukumwa na buibui wala wimbi la bahari. Wasimamizi wake walikubali kwamba vigango vina wenyewe, na wenyewe wako hai.

Kwa hiyo sisemi tamthilia hizo zifungiwe kabatini. Zitazamwe, na watoto wetu wazitazame pia, ila mtu mzima aliyekaa nao aulize swali ambalo mwandishi wa mchezo hakuliuliza: hiki ni cha nani? Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la sanamu ni jina la fundi na la ukoo wake. Wiki ijayo tutawageukia wachongaji wa Hawaii ya leo, wanaoliandika upya daftari hilo kwa patasi.

Itaendelea.