Basenji, mbwa wa kale wa msitu wa Kongo

Basenji ni mbwa mdogo wa kuwindia ambaye asili yake ni misitu ya Kongo. Upande wa kaskazini wa Beni, kuelekea Ituri, Wambuti, watu wa msitu, wamewinda na mbwa wa namna hii tangu zamani. Mbwa huingia kichakani na kumfukuza mnyama mpaka aingie wavuni. Kwa kuwa habweki, huvishwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji ajue alipo.

Jina lake lina uchungu ndani yake. Katika Kilingala, basenji ni watu wa porini, neno lililo ndugu wa washenzi la Kiswahili. Kwa hiyo aliitwa mbwa wa washenzi. Lakini mwaka 2004 wanasayansi wa Marekani walilinganisha vinasaba vya aina 85 za mbwa, wakamkuta basenji katika kundi dogo la aina za kale, pamoja na chow chow na shar-pei wa Uchina. Aina nyingi za Ulaya zilitengenezwa na wafugaji katika miaka 200 hivi iliyopita tu.

Basenji ana kimo cha sentimita 40 hadi 43 begani na uzito wa kilo 10 hivi. Manyoya yake ni mafupi, masikio yamesimama, kipaji kina makunyanzi, na mkia umejikunja juu ya mgongo. Huwa mwekundu, mweusi au mwenye milia, na weupe kifuani, miguuni na kwenye ncha ya mkia. Umbo la koo lake humzuia kubweka kama wengine, lakini si bubu: hunguruma, hulia, na akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka kama wimbo. Hujilamba kama paka. Jike hupata joto mara moja kwa mwaka, ilhali mbwa wengi hupata mara mbili.

Basenji walioonyeshwa London mwaka 1895 walikufa upesi kwa ugonjwa wa distempa. Waliofika Uingereza mwaka 1937 ndio waliozaa na kuenea. Kwa kuwa kizazi cha ng'ambo kilitokana na mbwa wachache, kilisumbuliwa na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi, ambao humfanya mbwa anywe maji mengi na kupoteza sukari katika mkojo. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walikuja kaskazini-mashariki mwa Zaire, yaani Kongo ya leo, kutafuta damu mpya katika mbwa wa vijijini.

Anayemfuga mjini akumbuke kwamba huyu ni mwindaji: hukimbilia kila kinachokimbia, kuku na pikipiki pia. Anahitaji ua imara, kamba wakati wa matembezi, na mazoezi kila siku. Ni mwerevu lakini hapendi kulazimishwa, hivyo afundishwe kwa subira na zawadi ya chakula, si kwa fimbo. Mji kama Butembo uko juu ya mita 1,700 na usiku wake ni wa baridi. Mwenye manyoya mafupi alale pakavu, chini ya paa. Bugali peke yake haumtoshi: aongezewe samaki, nyama au mayai, na maji safi. Mifupa iliyopikwa isitolewe, maana huvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa matumbo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa afikapo miezi 3, kisha hurudiwa kama mganga wa mifugo atakavyoagiza. Pia apewe chanjo ya distempa na dawa ya minyoo. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dalili za kichaa zikishatokea hakuna tiba.

Mbwa huyu hupotea polepole anapozaa ovyo na mbwa wa kigeni. Mwenye jike wa asili amchagulie dume wa asili, ili urithi huu wa msitu ubaki Kongo.