RELI NDOGO NA RELI KUBWA: MAELEZO YA SAFARI YA NAIROBI

Ndugu wanachama, wengi mmeuliza wajumbe wa tawi letu walikwenda kutafuta nini katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, na fedha ya safari ilileta faida gani. Swali hilo ni la haki, maana fedha ni yenu. Basi nitaeleza vinavyoonekana huko, namna vinavyofanya kazi, na kwa nini mtu wa Manibe, ambako hata mlio wa treni hausikiki, ana fungu lake katika habari hii.

Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 1971, wakati reli za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa bado chini ya shirika moja. Yako karibu na stesheni kuu ya Nairobi. Ndani ya jengo kuna vitu vya kazi: taa, simu za zamani, picha, vyombo vya kula vya abiria wakubwa, na mifano midogo ya injini. Nje, juu ya reli zilizokwisha kustaafu, zimesimama injini zenyewe na mabehewa. Mtu anaweza kuangalia kile kidogo kwanza, kisha atoke nje akiguse kile kikubwa. Mimi nashauri kila mgeni afuate utaratibu huo.

Mfano mdogo wa treni si kitu cha kuchezea tu. Unatengenezwa kwa kipimo. Kipimo kinachotumika sana duniani ni 1 kwa 87, yaani kila sentimita 87 za kitu cha kweli zinakuwa sentimita 1. Mtu wa urefu wa kawaida anakuwa sentimita 2, mfupi kuliko kidole gumba. Reli ya kutoka Tororo mpaka Pakwach, ambayo ni karibu kilomita 500, ingekuwa chini ya kilomita 6. Mtu wa Manibe anayekwenda Arua mjini kwa miguu asingeona taabu kuimaliza.

Maonyesho makubwa kuliko yote ya namna hii yako Ujerumani, katika mji wa Hamburg. Yanaitwa Miniatur Wunderland, na yalianzishwa mwaka 2001 na ndugu wawili mapacha, Frederik na Gerrit Braun. Humo kuna zaidi ya kilomita 15 za reli ndogo na treni zaidi ya 1,000. Kuna milima, miji, na uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 2011 ambamo ndege ndogo zinaruka na kutua. Vibonge vya watu vilivyosimamishwa humo vinazidi 250,000. Kompyuta ndiyo inayozuia treni zisigongane, na taa zinazimwa na kuwashwa ili usiku na mchana vipite kwa muda mfupi. Sikufika Hamburg, wala sitarajii tawi litanilipia! Lakini jambo moja la huko linatuhusu: maonyesho yale yana wafanyakazi kwa mamia, wa kupaka rangi, kufagia vumbi, kutengeneza mota na kukata tiketi. Hata dunia ya vibonge haiendi bila mikono.

Treni ndogo inaendaje? Haina moto wala maji. Umeme mdogo, kwa kawaida volti 12, unapita katika reli zake mbili, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Magurudumu ya chuma yanauchukua umeme na kuupeleka kwenye mota iliyofichwa ndani. Ukigeuza mwendo wa umeme, treni inarudi kinyumenyume. Ni kazi ile ile ya betri na waya ambayo fundi wa redio sokoni anaifahamu. Watoto wetu wanaotengeneza gari kwa waya na makopo, na magurudumu ya kandambili kuukuu, wamekwisha kuanza ufundi huu. Wamekosa mota tu.

Sasa tutoke nje, tuangalie injini iitwayo Mount Gelai, nambari 5918. Ni ya aina ya Garratt, daraja la 59. Injini za daraja hili zilikuwa 34, zilijengwa Manchester, Uingereza, na kampuni ya Beyer Peacock katika miaka ya 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Uzito wake ni tani 252, na urefu unazidi futi 100. Hakukuwa na injini ya moshi yenye nguvu kuliko hizi juu ya reli ya upana wa mita moja, popote duniani.

Ufundi wake ni huu. Katika injini ya kawaida boila inakaa juu ya magurudumu. Katika Garratt, boila inabebwa katikati kama mgonjwa katika machela. Mbeba machela wa mbele ni seti moja ya magurudumu na mashine zake, akiwa na tangi la maji. Wa nyuma ni seti ya pili, akiwa na mafuta na maji mengine. Njia ikipinda, wa mbele anageuka kwanza na wa nyuma anafuata, na machela haipinduki. Kwa hiyo injini ndefu iliweza kupanda kutoka pwani mpaka bara kwenye kona nyingi, na kwa kuwa uzito uligawanyika juu ya magurudumu 28, reli nyembamba hazikuvunjika.

Hapa nataka wanachama waangalie hesabu moja. Urefu wa mfano unagawanywa kwa 87. Lakini uzito unagawanywa kwa 87 mara tatu: kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. 87 mara 87 mara 87 ni 658,503. Kwa hiyo Mount Gelai ya tani 252, ikipunguzwa sawasawa, inakuwa chini ya gramu 400. Mtoto anaishika kwa mkono mmoja. Sura yote imebaki, uzito umekwisha. Ndiyo sababu mtu akiangalia mfano huona treni, lakini haoni jasho la waliolaza mataruma na kuinua vyuma vya kweli.

Uzito huo uko katika hesabu za kale. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kwa mkataba, na waliokufa walikuwa 2,493. Gawanya kwa urefu wa njia, utapata kama watu wanne kwa kila maili. Waafrika waliofanya kazi hiyo hiyo hawakuandikwa kwa uangalifu huo. Kule Tsavo mwaka 1898, simba walipokuwa wakiwakamata watu kambini, mkuu wa kazi, Bwana Patterson, alitaja Wahindi 28 waliouawa. Kuhusu Waafrika alisema tu kwamba hakuna orodha rasmi iliyowekwa. Nairobi lipo behewa ambamo afisa wa polisi, Bwana Ryall, alikamatwa na simba usiku katika stesheni ya Kima mwaka 1900. Kila mgeni hulisimamia behewa hilo. Bwana Ryall alikuwa na behewa na jina, kwa hiyo tunamjua.

Makumbusho hayawezi kusema yote. Mgeni wa chama aende akikumbuka pia kwamba mwezi Januari 1947 wafanyakazi zaidi ya 15,000 waligoma Mombasa, wa reli na wa bandari wakiwa pamoja, kwa ajili ya mishahara na nyumba. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli wa Tanganyika, katibu wao akiwa Ndugu Kasanga Tumbo, waligoma siku 82. 

Nasi tunaingia wapi? Kabla ya reli, vijana wa West Nile walikwenda kazi ya miwa Kakira na Lugazi kwa miguu, kwa lori na kwa meli ya mto Nile. Reli ilifika Pakwach mwaka 1964. Tangu hapo pamba na tumbaku ya huku ilipata behewa, na kibarua wa Lugbara alipata benchi la daraja la tatu. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, shirika likagawanywa, na waliokuwa wafanyakazi wake walidai mafao yao kwa miaka mingi, wengine mpaka mahakamani. Baadaye vita vya kaskazini vikafunga njia. Leo mtu wa Arua akienda Kampala anapanda basi.

Lakini wazee waliofanya kazi ya njia, ya kupakia mizigo na ya kuchochea injini wangali nasi, ingawa ni wachache. Mmoja alinionyesha kitabu chake cha kazi, kimefungwa katika karatasi ya nailoni, panya wamekula kona. Ndicho kilichomsaidia kuthibitisha miaka yake ya utumishi alipodai. Mwenzake, aliyekuwa naye katika genge moja, hakuwa na karatasi, akarudishwa mara nyingi.

Kwa hiyo halmashauri ya tawi imekubali mambo mawili. Kila mwenye mzee wa reli nyumbani alete jina lake, mahali alipofanya kazi, miaka yake na karatasi yoyote iliyobaki. Katibu atanakili na kurudisha karatasi siku ileile. Pili, safari ya pili ya Nairobi itafanyika ikiwa watapatikana watu 20. Kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka mpaka wa Kenya, pasipoti si lazima. Chukueni blanketi, basi la usiku lina baridi. Majina yapelekwe kwa katibu kabla ya mkutano ujao.