Uzito na msawazo wa fimbo ya puli

Uzito na msawazo wa fimbo ya puli ni mambo mawili tofauti yanayoamua jinsi fimbo ya kuchezea puli (aina ya biliadi) inavyokaa mkononi. Uzito ni jumla ya gramu za fimbo nzima. Msawazo ni namna gramu hizo zilivyogawanyika kutoka kitako hadi ncha. Tofauti hii ina maana kubwa kwa fimbo zinazotengenezwa kwa oda, kwa sababu kosa linalofanywa wakati wa kuagiza ni vigumu kulirekebisha baadaye.

Kazi ya kutengeneza fimbo za namna hiyo ilikua hasa nchini Marekani katika karne ya 20. Kati ya mafundi wanaojulikana zaidi ni George Balabushka (1912-1975), mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi New York.

== Vipimo vya kawaida ==
Fimbo nyingi za puli zina urefu wa sm 147 hivi na uzito wa aunsi 18 hadi 21, yaani gramu 510 hadi 595. Kanuni za shirikisho la dunia la mchezo huo (WPA) zinakataza uzito unaozidi aunsi 25, lakini haziweki kiwango cha chini.

Kwa kawaida fimbo ina vipande viwili vinavyounganishwa kwa skrubu karibu na katikati: kitako, ambacho ni kinene, na kipande chembamba cha mbele chenye ncha ya ngozi. Nukta ya msawazo ni mahali ambapo fimbo ikilazwa juu ya kidole kimoja hutulia bila kuinama upande wowote. Kwa kuwa kitako ni kizito zaidi, nukta hiyo haipo katikati. Mara nyingi iko sm 45 hadi 49 kutoka mwisho wa kitako.

== Kinachobadilisha msawazo ==
* '''Mbao.''' Kipande cha mbele kwa desturi hutengenezwa kwa mepo (''Acer saccharum''), mti wa Amerika Kaskazini. Kitako huweza kuwa cha mbao nyingi tofauti. Mpingo (''Dalbergia melanoxylon''), unaokua Tanzania na Msumbiji, ni mzito kiasi cha kuzama majini. Kitako cha mbao nzito namna hiyo huweza kuipitisha fimbo uzito ulioagizwa, hivyo baadhi ya mafundi hutoboa tundu ndani yake na kugundisha kijiti cha mbao nyepesi.
* '''Kiungo.''' Kiungo cha chuma cha pua huongeza uzito katikati ya fimbo kuliko kile cha plastiki ngumu au cha mbao.
* '''Bolti ya uzito.''' Hii hufungwa ndani ya mwisho wa kitako. Ni njia rahisi ya kuongeza gramu, lakini huivuta nukta ya msawazo nyuma.

== Mfano wa hesabu ==
Tuchukue fimbo ya gramu 540 yenye nukta ya msawazo sm 47 kutoka mwisho wa kitako. Tunataka kuongeza gramu 30. Kwa kanuni ya wenzo, kila uzito huzidishwa kwa umbali wake, kisha jumla hugawanywa kwa uzito wote.

Bolti ikiwekwa sm 2 kutoka mwisho wa kitako:
(540 × 47 + 30 × 2) ÷ 570 = sm 44.6

Gramu hizohizo zikiwekwa kwenye kiungo, sm 74 kutoka mwisho wa kitako:
(540 × 47 + 30 × 74) ÷ 570 = sm 48.4

Fimbo zote mbili zina gramu 570. Mizani ya dukani haitaonyesha tofauti yoyote, lakini nukta zao zimeachana kwa karibu sm 4, na mkono wa mchezaji utalitambua jambo hilo mara moja.

== Uzito na kasi ya mpira ==
Watu wengi hudhani kwamba fimbo nzito hupiga kwa nguvu zaidi sana. Mpira mmoja una gramu 165 hivi. Tukichukulia mgongano usiopoteza nishati, fimbo ya gramu 540 huupa mpira kasi mara 1.53 ya kasi yake yenyewe. Fimbo ya gramu 600 huupa mara 1.57. Ongezeko halifiki asilimia 3, tena ni kama mkono utaisukuma fimbo nzito kwa kasi ileile. Mkono ukipungua kasi kidogo tu, faida hiyo hupotea.

== Kuagiza fimbo ==
Kwa sababu hizo, mteja anayetaja uzito peke yake amempa fundi nusu ya maelezo. Njia iliyo salama ni kuchukua fimbo aliyoizoea, kuipima kwa mizani, kuilaza juu ya kidole, kisha kupima kwa rula umbali kutoka mwisho wa kitako hadi kwenye kidole. Namba hizo mbili humwezesha fundi kuchagua mbao na kiungo kabla ya kukata chochote. Hakuna msawazo mmoja ulio bora kwa wote: baadhi ya wachezaji hupenda uzito uelekee mbele, wengine nyuma.